Kabla ya kusakinisha draiva ya waifai, soma namba ya chipu

Mwaka 2019 nilikesha usiku mbili mfululizo nikijenga draiva ya adapta ya USB, ile ndogo isiyozidi ukucha wa kidole gumba. Boksi lake liliandikwa kwamba ndani mna chipu ya Realtek, RTL8188, na lilikuja na kisidii chenye folda moja ya Linux. Mwenye kompyuta alikuwa mama mfanyabiashara anayepeleka vitenge na sabuni kati ya hapa Arua, Uganda, na ng'ambo ya Kongo. Waifai ya ndani ya laptopu yake ilikuwa imekufa, akanunua ile adapta sokoni, na Jumatatu alitakiwa kutuma ankara.

Nilipakua msimbo wa draiva kwa data ya simu yangu. Ukakataa kujengeka. Nikapakua mwingine, nikarekebisha mistari miwili mitatu, ukajengeka vizuri bila kosa lolote. Moduli, yaani draiva iliyokwisha kujengwa, ikapakiwa, nikaiona kwenye orodha kwa macho yangu, lakini waifai haikutokea. Nikatafuta msimbo wa tatu. Jumapili jioni nilichomoa adapta, nikaichomeka upya, na ndipo nikaandika amri ambayo ilipaswa kuwa ya kwanza, ya kuorodhesha vifaa vya USB:

lsusb

Ukatoka mstari wenye namba 148f:7601. Hiyo haikuwa Realtek kabisa. Ilikuwa chipu ya MT7601U, na draiva yake imo ndani ya keneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, tangu toleo la 4.2 la mwaka 2015. Muda wote niliokuwa nahangaika, draiva ilikuwa imekaa humo humo ndani ya mashine. Kilichokosekana ni faili moja ndogo ya fimwea. Nikasakinisha kifurushi kimoja, nikachomoa, nikachomeka, na majina ya waifai za majirani yakajipanga kwenye skrini.

Asubuhi mama alifika mapema akasimama mlangoni. "Fundi, imekubali?" Nikamwambia, "Imekubali, mama." Lakini bando langu la wiki lilikuwa limekwisha, na yeye alikuwa amekaa siku mbili bila chombo chake cha kazi, kwa sababu nilisoma boksi badala ya kusoma chipu.

Tangu hapo sijagusa draiva ya mtu kabla sijaandika namba ya chipu kwenye daftari. Ninaandika makala hii kwa sababu kila mwezi naletewa laptopu nzima, nzuri, ambazo wenyewe wamekata tamaa nazo. Maelezo yaliyomo kwenye intaneti karibu yote ni ya Kiingereza, na vijana wananakili amri bila kujua zinafanya nini. Wananakili ya kwanza, ya pili, ya kumi, na ya kumi na moja inaharibu hata kile kilichokuwa kinafanya kazi. Hapa kwetu hilo lina gharama. Tangu Julai 2021 data ya intaneti inatozwa ushuru wa asilimia 12, na kila draiva isiyo yake unayopakua ni pesa imetoka mfukoni.

Draiva na fimwea ni vitu viwili

Draiva ni dereva, neno ni lile lile. Ni kipande cha programu kinachokaa ndani ya keneli na kinachojua kuendesha aina fulani ya chipu na si nyingine. Kwenye Linux dereva wengi wameshaajiriwa, wapo ndani ya keneli wakingoja kuitwa. Ndiyo maana neno "kusakinisha draiva" huwapoteza watu waliotoka Windows: wanadhani lazima kitu kiletwe kutoka nje.

Fimwea ni programu ndogo ambayo draiva huisukuma ndani ya chipu kila chipu inapowashwa. Bila hiyo chipu haijui hata kazi yake. Draiva ikiwapo na fimwea ikakosekana, dereva ameketi kwenye usukani na ufunguo hana. Na kwa hesabu ya daftari langu, waifai nyingi "zisizo na draiva" zinazofika dukani zina draiva tayari. Zinadai ufunguo tu.

Fimwea nyingi zina masharti ya kampuni zilizozitengeneza, si programu huria, na kwa miaka mingi Debian, mmojawapo wa mifumo ya Linux, haikuziweka kwenye diski yake rasmi ya usakinishaji. Mwaka 2022 wanachama wake walipiga kura kubadili jambo hilo, na kuanzia Debian 12, iliyotoka Juni 2023, fimwea zimo ndani. Kwa hiyo ukikuta mtu anasakinisha Debian 10 au 11 kutoka kwenye flashi ya zamani halafu analalamika waifai haipo, ushauri wa kwanza ni kutafuta flashi mpya zaidi. Utaokoa siku nzima.

Namba nane zenye nukta mbili katikati

Kama waifai iko ndani ya laptopu, andika:

lspci -nnk

Kama ni adapta ya kuchomeka, andika lsusb. Usiogope mistari mingi inayoshuka. Tafuta penye neno Network au Wireless. Huu ni mfano wa laptopu ya HP:

02:00.0 Network controller [0280]: Realtek Semiconductor Co., Ltd. RTL8723BE PCIe Wireless Network Adapter [10ec:b723]
Kernel driver in use: rtl8723be

Kitu cha thamani hapo ni 10ec:b723. Sehemu ya kwanza ni kampuni: 10ec ni Realtek, 8086 ni Intel, 14e4 ni Broadcom. Sehemu ya pili ni chipu yenyewe. Namba hiyo imo ndani ya chipu na haibadiliki kwa sababu mtu amebandika stika nyingine juu yake. Ukitaka kutafuta msaada popote, tafuta kwa namba hiyo. Ukitafuta kwa jina la laptopu utapata majibu ya watu wenye jina hilo hilo na chipu tofauti, maana kiwanda hubadili kadi ya waifai katikati ya uzalishaji na jina la nje likabaki lile lile.

Mstari wa chini unakuambia kama kuna dereva aliyekwisha kushika usukani. Ukiuona, acha habari ya kusakinisha draiva, tatizo lako liko kwingine. Usipouona, muulize keneli imekwama wapi:

sudo dmesg | grep -i -e firmware -e wlan

Ile adapta ya mama ilikuwa imesema waziwazi tangu Ijumaa: "Direct firmware load for mt7601u.bin failed with error -2". Namba -2 maana yake faili imetafutwa haikuonekana. Jina la faili limetajwa, sababu imetajwa. Kwenye Debian ya wakati ule faili hiyo ilikuwa katika kifurushi cha firmware-misc-nonfree. Chipu za Realtek zina firmware-realtek, za Intel zina firmware-iwlwifi, za Atheros zina firmware-atheros. Mimi naipendea Debian hapo hapo: imegawanya fimwea kwa mafungu, unachukua fungu lako dogo, huku Ubuntu kwa miaka mingi ikizifunga karibu zote katika kifurushi kimoja kikubwa cha linux-firmware. Kwa mtu anayenunua MB, tofauti hiyo anaiona.

Kuna adapta moja ya kuangalia kwa makini, kwa sababu imewatoa machozi vijana wengi. Unaichomeka, lsusb inaonyesha 0bda:1a2b, na kwenye dirisha la mafaili inatokea kama sidii. Siyo mbovu. Kiwanda kimeifanya ijitambulishe kwanza kama sidii ili Windows isome draiva iliyomo ndani yake, halafu igeuke kuwa waifai. Kwenye Linux unaigeuza wewe:

sudo usb_modeswitch -KW -v 0bda -p 1a2b

Taa yake inazima kidogo, inawaka tena, na lsusb sasa inatoa namba nyingine kabisa, kwa mfano 0bda:c811. Hiyo ya pili ndiyo namba ya kweli. Nimeona mtu akitafuta draiva ya 1a2b wiki nzima, na haiwezi kupatikana kwa sababu haipo.

Intaneti ya kutafutia intaneti

Hapa ndipo watu wanaponiuliza: nitapakuaje kifurushi na mashine haina mtandao? Kama kuna ruta karibu, waya wa mtandao unatosha, maana tundu la waya karibu kila mara linafanya kazi lenyewe. Kama hakuna, tumia simu. Chukua simu ya Android na waya wake wa chaji, uichomeke kwenye kompyuta, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kushiriki mtandao, uwashe ya USB. Kompyuta itaiona simu kama kadi ya mtandao ya waya, kwa jina la usb0 au enx likifuatwa na tarakimu nyingi, bila draiva yoyote ya kutafuta. Na jambo ambalo wengi hawalijui: simu ikiwa imeunganishwa na waifai ya ofisi au ya jirani aliyekuruhusu, itapitisha waifai hiyo hiyo kupitia waya. Huhitaji kumaliza bando. Simu yako inakuwa adapta ya waifai kwa saa hiyo.

Angalia tu waya wako. Zile nyaya nyembamba za bei ya chini nyingi zina uwezo wa kuchaji tu, ndani hazina nyuzi za data. Simu inachaji na kompyuta haioni kitu. Jaribu waya mwingine kabla hujasema simu haikubali.

Na angalia saa. Laptopu za mtumba zinazopanda basi la usiku kutoka Kampala kuja huku kupitia Karuma na Pakwach, betri ndogo ya saa iliyo ndani mara nyingi imekufa. Ukizima kabisa, mashine inaamka ikidhani ni miaka mingi iliyopita. Ukiita apt update, amri ya kuhuisha orodha ya vifurushi, inakataa na kusema faili ya Release haijafikia siku yake, na tovuti zote zinaleta onyo la cheti. Mtu anadhani ni draiva au mtandao mbovu. Andika date. Tarehe ikiwa ya uongo, isahihishe:

sudo date -s "2025-03-14 10:30"

Weka tarehe ya siku hiyo, bila shaka. Kisha nunua ile betri bapa ya CR2032 na umpe fundi aibadilishe. Baadhi ya laptopu zina betri yenye waya, kwa hiyo fungua kwanza ndipo ununue.

Jambo la umeme nalo usilidharau. Usianze kusakinisha vifurushi wakati betri ya laptopu imechoka na mawingu yametanda. Umeme ukikatika katikati, ukiwasha andika sudo dpkg --configure -a kabla ya jambo lingine lolote, ili kazi iliyokatika imaliziwe.

Waifai za mwalimu zilizofika mlangoni tu

Kisa hiki nakieleza kirefu kwa sababu kilinifundisha kwamba draiva inaweza kuwa sahihi, fimwea ikawepo, na waifai isifae.

Mwalimu mmoja wa sekondari iliyo njia ya Koboko alinunua laptopu sita za HP za mtumba kwa ajili ya chumba cha kompyuta. Tukaziwekea Debian. Zote zikashika waifai hapa dukani, ruta ikiwa mezani. Wiki iliyofuata akapiga simu. "Fundi, hizi mashine zinaona waifai ukisimama mlangoni mwa ofisi. Ukiingia darasani hakuna kitu. Simu yangu inashika vizuri darasani." Uongozi wa shule ulikuwa tayari kununua ruta ya pili na kuvuta waya hadi darasani. Nikamwomba, "Mwalimu, msinunue bado. Niletee moja."

Namba ilikuwa ile ile niliyoitaja juu, 10ec:b723, na draiva ya rtl8723be ilikuwa imeshika usukani. Nikapima nguvu ya mawimbi kwa amri ya iw dev wlo1 link. Hatua tano kutoka kwenye ruta nilipata -80 dBm na zaidi kidogo. Kwa asiyezoea: namba hizo ni hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. Kwa umbali ule nilitarajia -45 au -50. Kwa -80 unaona jina la waifai na kuunganishwa ni bahati.

Nikafungua mgongo wa laptopu. Kadi ya waifai ni kipande cha ukubwa wa stempu mbili, na pembeni ina vitundu viwili vya dhahabu, vidogo kama punje ya mtama, vya kubanika waya za antena. Waya mweusi mwembamba ulikuwa mmoja tu, umebanwa kwenye kitundu kimoja. Kitundu cha pili kilikuwa tupu na hakikuwa na dalili ya kuwahi kubanwa waya. Kiwanda kilikuwa kimeokoa gharama ya antena ya pili, na draiva ilikuwa inasikiliza kwenye kile kitundu kitupu.

Draiva hii ina kigezo cha kuchagua antena, kinaitwa ant_sel. Unakiona ukiandika modinfo rtl8723be na kushuka hadi mistari ya parm. Nikaitoa draiva na kuirudisha nikiipa chaguo la kwanza:

sudo modprobe -r rtl8723be
sudo modprobe rtl8723be ant_sel=1

Nikapima. Hakuna tofauti. Nikarudia kwa ant_sel=2. Namba ikaruka hadi -49. Kwa kubadili tarakimu moja, mashine ile ile, mahali pale pale, bila kugusa bisibisi tena. Nikaandika mstari huu katika faili ya /etc/modprobe.d/rtl8723be.conf ili ubaki hata baada ya kuzima:

options rtl8723be ant_sel=2

Mwalimu aliondoka na mstari huo kwenye karatasi, akauandika mwenyewe kwenye mashine tano zilizobaki, akiwa na wanafunzi wa kidato cha tatu wamemzunguka. Fedha za ruta zilinunua viti. Nimekutana na laptopu nyingine za HP zenye chipu hii ambazo zilitaka 1 badala ya 2, kwa hiyo usinakili jibu langu. Pima zote mbili na uandike inayokufaa.

Unapolazimika kujenga draiva mwenyewe

Wakati mwingine keneli yako kweli haina dereva wa chipu hiyo. Kabla hujapakua msimbo wa mtu usiyemjua, andika uname -r uone umri wa keneli yako. Mara nyingi draiva unayoitafuta imo ndani ya keneli mpya zaidi. Chipu ya 0bda:c811 ambayo ni RTL8821CU iliingia kwenye keneli 6.2, na Debian 12 ilikuja na 6.1, hatua moja nyuma. Ukichukua keneli ya backports, ghala la Debian la vifurushi vipya zaidi, au ukahamia Debian 13, kazi imekwisha bila kujenga chochote. Kinyume chake pia kipo: draiva ya zamani ya RTL8188EU iliyoitwa r8188eu iliondolewa kwenye keneli 6.3 mwaka 2023, na kazi yake ikachukuliwa na rtl8xxxu. Maelezo ya mwaka 2018 yanayokuambia upakie r8188eu hayatakufaa kitu kwenye mashine ya leo.

Ikibidi kujenga, jenga kupitia DKMS. Sababu yake ni hii: moduli inajengwa kwa ajili ya toleo moja tu la keneli. Ukitumia make install ya kawaida, waifai itafanya kazi hadi siku keneli itakaposasishwa, halafu utaamka huna mtandao, na dawa iko kwenye mtandao. DKMS huijenga moduli upya yenyewe kila keneli mpya inapoingia. Inahitaji vichwa vya keneli, faili za kujengea moduli, viwepo, kwa hiyo kwenye Debian usisahau kifurushi cha linux-headers-amd64. Chukua hicho chenye jina fupi, kwa sababu ndicho kinachofuatana na keneli inaposasishwa. Chenye namba ya toleo kitabaki nyuma.

Laptopu za Dell zenye Broadcom huingia fungu hili. Kwa chipu ya 14e4:4365, kwa mfano, unasakinisha broadcom-sta-dkms, na draiva yake inaitwa wl. Broadcom ina draiva kadhaa zinazogombea chipu: b43, bcma, ssb na brcmsmac. Zikiwa zimepakiwa pamoja na wl, hakuna inayofanya kazi. Kifurushi chenyewe huandika katazo la zile nyingine katika /etc/modprobe.d, lakini mpaka uwashe mashine upya bado zimo kwenye kumbukumbu. Washa upya, usibishane nayo.

Halafu kuna Secure Boot. Umejenga vizuri, umepakia, na keneli inajibu "Key was rejected by service". Hiyo siyo hitilafu ya draiva. Mashine imeagizwa isipokee moduli isiyo na sahihi inayoitambua. Hakiki kwa mokutil --sb-state. Wapo wanaoizima kwenye BIOS na kuendelea, na kwenye mashine ya nyumbani siwalaumu, lakini kwenye kompyuta ya ofisi naona ni heri kuisajili sahihi yako. Kwenye Debian 12, DKMS imeshakutengenezea ufunguo:

sudo mokutil --import /var/lib/dkms/mok.pub

Itakuomba uweke neno la siri la mara moja. Ukiwasha upya itatokea skrini ya bluu, nayo hukusubiri sekunde 10 tu. Bonyeza kitufe chochote, chagua Enroll MOK, weka lile neno la siri. Waambie wateja jambo hili kabla hawajaondoka. Nilimsahau mmoja, akaiona skrini ya bluu nyumbani usiku, akadhani mashine imeingiliwa na virusi, akaizima kwa nguvu, na kesho yake akairudisha akiwa na hofu ambayo ningeweza kumwepusha nayo kwa sentensi moja.

Kuunganisha na kuituliza

Draiva ikikubali, kuunganisha ni kazi fupi. Ukiona jina la kadi lakini haitafuti mitandao, andika rfkill list. "Soft blocked: yes" inaondolewa kwa sudo rfkill unblock wifi. "Hard blocked: yes" haiondolewi kwa amri yoyote, kuna kitufe au swichi ya kuteleza ubavuni mwa laptopu, itafute kwa vidole. Kisha:

nmcli device wifi list
nmcli --ask device wifi connect JINA_LA_WAIFAI

Hilo neno --ask linaifanya iulize nywila pembeni, isibaki kwenye historia ya amri zako. Kwenye kompyuta ya kushirikiana ni adabu kuitumia.

Ikiwa waifai inashika halafu inakatika kila baada ya dakika chache, shuku usimamizi wa umeme kwanza. Kadi inasinzia ili kuokoa betri, na nyingine zikisinzia haziamki vizuri. Weka mistari hii miwili katika faili ya /etc/NetworkManager/conf.d/waifai.conf, uanzishe upya NetworkManager, programu inayosimamia mitandao:

[connection]
wifi.powersave = 2

Namba 2 hapo ni kuzima, ingawa mtu angedhani kinyume.

Na ikiwa simu inaona waifai fulani na laptopu haiioni kabisa, huenda ruta iko kwenye chaneli ya 12 au 13 na kompyuta inafuata sheria za masafa za nchi nyingine. Andika iw reg get. Ikionyesha US, jaribu sudo iw reg set UG, utafute tena.

Wanaotumia FreeBSD au OpenBSD, mifumo mingine inayofanana na Linux, hapa kwetu ni wachache, lakini nimewahudumia wawili, na njia ni ile ile: namba kwanza. Kwenye FreeBSD ni pciconf -lv, kisha katika /etc/rc.conf unataja kadi yako, mfano wlans_iwm0="wlan0", na chini yake ifconfig_wlan0="WPA SYNCDHCP", na nywila inakaa katika /etc/wpa_supplicant.conf. OpenBSD ina amri nzuri sana ya fw_update inayotambua chipu na kuleta fimwea yake yenyewe. Simu kwa waya wa USB inafanya kazi kwenye mifumo hiyo pia.

Wanaouliza wanunue adapta gani, nawajibu: ile ambayo muuzaji anakuruhusu kuichomeka kabla hujalipa. Nenda na laptopu, au na flashi yenye Debian inayowaka bila kusakinishwa, uandike lsusb pale pale kwenye meza ya duka. Ukiona 0cf3:9271, chukua. Ni ya zamani na haina kasi kubwa, lakini draiva yake ya ath9k_htc imekaa ndani ya keneli miaka mingi na hata fimwea yake ni huria. Muuzaji akikukataza kuichomeka, nenda duka la pili.

Dukani kwangu sasa kila laptopu inayotoka ina karatasi ndogo iliyobandikwa chini, karibu na betri, yenye vitu vitatu: namba ya chipu, jina la draiva, na mstari wowote niliouongeza katika /etc/modprobe.d. Nawe ukimletea fundi mashine, au ukituma ujumbe kuomba msaada, mpe namba hiyo, jibu la uname -r, na mistari ya dmesg yenye neno firmware. Usimpe picha ya boksi.